Haki ya Maiti na Tangazo la Serikali





Katika siku kama ya leo, Jumuiya inapokumbuka kuasisiwa kwake, desturi ni kuzungumza habari za misikiti, za madrasa na za wale waliotangulia. Habari itakayoelezwa hapa si ya furaha, lakini yahusu kazi ambayo Jumuiya imekuwa ikiifanya tangu siku yake ya kwanza, nayo ni kumwosha maiti, kumvisha sanda, kumsalia na kumzika. Mambo hayo manne, kama ajuavyo kila aliyepita chuoni, ni faradhi ya kutoshelezana: wakiyatimiza baadhi, waliobaki wameokoka, yakiachwa na wote, wote wana dhambi. Basi itakuwaje siku ile serikali itakapotangaza kwamba maiti asiguswe, na kwamba atazikwa na watu waliojifunika mwili mzima, wala si na jamaa zake?

Swali hili si la kubuni. Ndilo lililowakabili Waislamu wa Beni, Butembo na Goma, na majirani zao Wakristo kwa namna yao, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, yalipoenea katika Kongo ya Mashariki maradhi ya Ebola. Na hapa Bujumbura hapana budi kulijua, kwa kuwa Buyenzi na Uvira ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja: ndoa, biashara na misiba ya huku na ya huko ni ya watu wale wale.

Tangazo la kwanza lilitolewa na Wizara ya Afya ya Kongo tarehe 1 Agosti 2018, na lilihusu mji mdogo wa Mangina, karibu na Beni. Wiki moja tu nyuma, tarehe 24 Julai, wizara iyo hiyo ilikuwa imetangaza kwamba Ebola imekwisha katika mkoa wa Equateur, magharibi ya nchi. Asiyeijua hali ya maradhi haya angedhani kwamba tangazo moja lamkanusha mwenzake. Lakini yalikuwa mazuko mawili mbali mbali, zaidi ya kilomita 1,000 baina yao, na uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba la pili halikuzaliwa na la kwanza. Kutoka Mangina maradhi yaliingia Beni, yakaingia Butembo na Katwa. Tarehe 11 Juni 2019 serikali ya Uganda ikatangaza kwamba yamevuka mpaka hadi wilaya ya Kasese, katika mwili wa mtoto wa miaka 5 ambaye jamaa zake walikuwa wametoka kumwuguza na kumzika babu yake huko Kongo. Tarehe 14 Julai yakafika Goma, na siku tatu baadaye Shirika la Afya la Ulimwengu likayatangaza kuwa hatari kwa mataifa yote. Tarehe 16 Agosti yakatangazwa Mwenga, katika Kivu ya Kusini, na kutoka Mwenga kuja ziwani si safari ndefu. Mwezi uo huo wa Agosti wauguzi wa zamu ya mpakani hapa Gatumba wakaanza kuchanjwa. Yalipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, waliougua walikuwa watu 3,470, na waliokufa 2,287. Ni pigo kubwa kuliko yote ya Ebola yaliyoandikwa, ukiondoa lile la Afrika ya Magharibi la mwaka wa 2014 mpaka 2016.

Maradhi yenyewe yalijulikana mara ya kwanza katika mwaka wa 1976, katika kijiji cha Yambuku, kaskazini ya Kongo, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire. Hospitali ya misheni ya hapo ilikuwa ikitoa sindano tano tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa nje, na sindano hizo zilipita kutoka mkono huu hadi mkono huu bila kuchemshwa baina ya mgonjwa na mgonjwa. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280. Daktari mmoja kijana wa Kikongo, Jean-Jacques Muyembe, alikuwa miongoni mwa waliotumwa huko mwanzo, akatoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu kwa sababu hakuna aliyejua ni kitu gani. Mungu alimsalimisha, na jina lake litarudi tena katika maelezo haya. Maradhi yakaitwa kwa jina la mto Ebola.

Jambo kubwa la kufahamu ni njia yanayopitia. Ebola haisafiri kwa upepo kama mafua. Yapita kwa kugusa: damu, matapishi, jasho, choo, na kila kilicholowa vitu hivyo, kama shuka na godoro. Mtu aliyeambukizwa lakini hajaanza kuugua hamwambukizi mwenziwe. Naye kadiri azidivyo kuugua ndivyo virusi vizidivyo mwilini mwake, mpaka saa ya kufa vinakuwa vingi kuliko wakati wote. Kwa hiyo maiti wa Ebola ndiye mwenye hatari kuliko mgonjwa, na hatari hiyo hukaa siku kadhaa baada ya roho kutoka. Ndiyo sababu katika Guinea, mwaka wa 2014, Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba karibu watu 60 katika kila 100 walioambukizwa walikuwa wameyapata mazikoni. Na Guinea, yafaa kukumbuka, ni nchi ya Waislamu. Wale waliokufa kwa kumwosha baba au mama walikufa katika kutimiza wajibu walioujua, kwa mapenzi na kwa imani. Haifai mtu kuwasema kwa dharau, kama walivyosemwa katika baadhi ya magazeti.

Lakini Sharia yenyewe yasemaje? Hapa ndipo palipofanywa makosa mengi, upande wa serikali na upande wa waumini vilevile. Wengine walidhani kwamba kumzika Mwislamu bila ya kumwosha ni kumtupa kama mzoga, na kwamba afadhali kufa kuliko kukubali hayo. Wengine, katika maofisi, walidhani kwamba dini ni kikwazo cha kuondolewa njiani. Wote wawili hawakuuliza. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi katika nchi hizi, walikwisha kuandika zamani habari ya maiti aliyeungua moto, ambaye akimwagiwa maji mwili wake utachanika. Huyo haoshwi, bali hufanyiwa tayamamu, kama vile mtu aliye hai anavyotayamamu akikosa maji au akiogopa kudhurika nayo. Na katika vitabu vyao wametaja pia hali ya kuhofiwa madhara kwa mwoshaji mwenyewe, ikiwa hawezi kujihifadhi. Walikuwa wakifikiri sumu ya nyoka, kwa kuwa Ebola haikujulikana. Lakini hukumu waliyoitoa ni hii hii inayohitajiwa. Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, amemhesabu aliyekufa kwa tauni kuwa shahidi, na maulama wengi wa zama hizi wamelipanua neno hilo liingize maradhi mengine ya kuenea. Ni shahidi wa akhera, siye wa vitani. Kwa hiyo haki yake ya kuoshwa haikuondoka, ila hugeuka kuwa tayamamu pale maji yanapokuwa ni mauti kwa walio hai.

Yatupasa insafu kusema kwamba madaktari nao walijifunza. Mwezi wa Novemba 2014 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mwongozo mpya wa mazishi, baada ya kushauriana na mashirika ya Kikristo na ya Kiislamu, na ndani yake mna sehemu mahsusi kwa maiti wa Kiislamu. Mtu mmoja wa kikosi cha mazishi aliye Mwislamu, au jamaa wa marehemu aliyevishwa mavazi ya kujikinga, hupiga mikono yake juu ya mchanga safi au jiwe, kisha akaipitisha polepole juu ya mikono ya maiti na uso wake, mwili ukiwa umekwisha kuingizwa katika mfuko. Huruhusiwa dua fupi, na sanda ya kitambaa cheupe. Jamaa waweza kuchagua mahali pa kaburi, kulichimba wenyewe, na kuweka alama ya jina. Sala ya maiti husaliwa kwa safu, na safu zikisimama mbali kidogo na jeneza sala haikupungua kitu. Ukiupima mwongozo huu kwa mizani ya vitabu vya fikihi hutakuta kilichokatazwa. Kilichobadilika ni mkono unaogusa na nguo iliyovaliwa na mkono huo.

Limebaki jambo moja ambalo mwongozo hautoshi kulimaliza, nalo ni la wanawake. Maiti wa kike huoshwa na wanawake wenziwe, au na mumewe. Vikosi vya mazishi mara nyingi ni vya wanaume, wa Msalaba Mwekundu na wa idara za serikali. Baba gani atafurahi kuona mwili wa binti yake ukibebwa na wanaume asiowajua, hata kama umefungwa katika mfuko? Malalamiko ya namna hii huandikwa katika taarifa kwamba ni ukaidi wa wananchi, kumbe ni haya na heshima, na dawa yake ni nyepesi: wafundishwe wanawake.

Sasa, ikiwa hukumu ya dini yaruhusu na mwongozo upo, kwa nini huko Beni na Butembo matangazo yalikataliwa, magari ya mazishi yakapigwa mawe, na vituo vya wagonjwa vikachomwa moto? Kituo cha Katwa kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2019, na cha Butembo siku tatu baadaye. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu huko Butembo. Yeye alikuwa mgeni aliyekuja kusaidia, na damu yake haina kisingizio.

Lakini asiyejua yaliyotangulia hatafahamu. Tangu Oktoba 2014 raia wa wilaya ya Beni walikuwa wakichinjwa usiku kwa mapanga, kijiji baada ya kijiji, wakaomba ulinzi na hawakuupata wa kutosha. Mwaka wa 2018 wakaona magari mapya yanafika kwa mamia, na fedha nyingi, kwa ajili ya ugonjwa ambao wengi wao hawajauona. Wakauliza: hao waliokuwa hawana nafasi ya kuja walipokuwa watu wakikatwa, leo wametoka wapi? Kisha tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, bali mwezi wa Machi, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa Ebola. Ilhali rais mpya angeapishwa mwezi wa Januari. Makanisa, misikiti, masoko na shule zilikuwa wazi siku hizo zote. Kesho yake watu wenye hasira wakavamia kituo cha wagonjwa huko Beni, na baadhi ya waliokuwa wakiangaliwa humo wakakimbia. Tarehe 30 wananchi wa Beni wakapanga mistari wenyewe, wakanawa mikono, wakapimwa joto, wakapiga kura isiyohesabiwa na mtu, ili kuonyesha kwamba maradhi hayazuii uchaguzi. Yapo matangazo mengi ya serikali yaliyokuwa ya uongo duniani. Hili la Ebola lilikuwa la kweli, lakini lilitiwa katika chombo kimoja na jambo jingine, likanuka kwa harufu ya jambo hilo.

Ikaongezeka habari ya surua. Katika miaka iyo hiyo surua iliwaua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, karibu wote watoto wadogo, yaani karibu mara tatu ya waliouawa na Ebola. Na chanjo ya surua ni ya zamani na ni rahisi. Mama aliyemzika mtoto wa surua bila kuona gari hata moja, ana haki ya kushangaa. Na mwezi wa Septemba 2021 tume huru iliyochunguza mwenendo wa baadhi ya wafanyakazi waliokwenda kupigana na Ebola ilitoa taarifa ya aibu: wanawake walitakwa miili yao kwa ahadi ya kazi. Haya hayasemwi ili watu wasisikilize matangazo. Yasemwa kwa sababu mwenye kutangaza akitaka kusadikiwa, hutazamwa mikono yake kwanza.

Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, zama za tauni ya Amwas, alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kwamba tauni imeingia nchi hiyo. Hakutoa amri papo hapo. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakaafikiana kwamba arudi. Ndipo akatangaza kurudi. Abu Ubaida, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sham, akamwuliza mbele ya watu kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar, badala ya kumkemea, alimjibu kwa mfano wa mchungaji wa ngamia mwenye kuchagua baina ya bonde lenye majani na bonde kavu, ambayo yote mawili ni ya kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi aliyoisikia kwa Mtume, kwamba pasiingiwe nchi yenye tauni wala pasikimbiwe kwa waliomo. Kisa hiki chajulikana na kila mtoto wa chuoni kwa ajili ya hadithi yake, na masheikh hukieleza kwa ajili ya kadari. Mara chache hutajwa kwamba ni kisa cha namna ya kutoa tangazo: mashauriano mara tatu, swali gumu likaulizwa hadharani, na jibu likatolewa hadharani.

Kutoka matangazo yafaa kuhamia utafiti, maana hapo ndipo penye hofu iliyojificha. Wengi wakisikia kwamba dawa iko katika majaribio, husema kwamba watu weusi wanafanywa panya. Hofu hiyo ina asili yake katika historia, wala si ya wajinga tu. Lakini habari ya dawa za Ebola ni tofauti, na ni Wakongo wenyewe walioianza.

Katika mwaka wa 1995 Ebola ilizuka Kikwit, nayo ikaua zaidi ya watu 240. Muyembe, aliyekuwa sasa profesa, pamoja na wenziwe walichukua damu ya waliopona wakawatia wagonjwa wanane, kwa kufikiri kwamba mwili ulioshinda maradhi una askari waliokwisha kuyajua. Saba kati ya wanane wakapona. Madaktari wa nje hawakusadiki, nao walikuwa na hoja: hapakuwa na wagonjwa wa kulinganisha nao, na huenda wale saba wangepona vyovyote. Hoja hiyo iliuma, lakini haikuwa ya uonevu. Mtu aliyekula ndimu akapona homa hajathibitisha kwamba ndimu yaponya homa. Baada ya miaka 11, katika mwaka wa 2006, mmoja wa waliopona huko Kikwit alitoa damu yake, na katika damu hiyo wataalamu wa Marekani, wakishirikiana na Muyembe na taasisi yake ya Kinshasa, walipata kingamwili moja yenye nguvu, wakaitengeneza iwe dawa. Iliitwa mAb114.

Tarehe 20 Novemba 2018, katikati ya vita na maradhi, ulianza utafiti wa kushindanisha dawa nne katika vituo vya Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Utafiti huo ulipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Kila mgonjwa, au mzazi wake, alielezwa na kuombwa ridhaa; aliyekubali alipewa dawa mojawapo kwa kura. Kura hii iliwatia watu wasiwasi, kana kwamba daktari anacheza kamari. Lakini kura katika Sharia si kamari. Mtume mwenyewe akitaka kusafiri alipiga kura baina ya wake zake ili asimpendelee mmoja, na mafakihi wameitumia katika kugawa haki zilizolingana. Maana yake hapa ni iyo hiyo: ikiwa hapana ajuaye dawa iliyo bora, daktari asiwape wakubwa hii na maskini ile. Wala hapakuwa na mgonjwa aliyepewa maji matupu; kila mmoja alipata dawa na matunzo.

Palikuwapo pia kamati ya wataalamu walio nje ya kazi hiyo, ambao kazi yao ilikuwa kutazama hesabu na kusimamisha utafiti ikionekana kwamba kuendelea ni dhuluma. Tarehe 9 Agosti 2019, walipokwisha kuangalia habari za wagonjwa 499, walisimamisha. Dawa mbili zilikuwa zimewaacha wenziwe nyuma, na tangu hapo wagonjwa wakawa hupewa hizo mbili tu. Hesabu ya mwisho, kwa wagonjwa 681 walioandikwa, ilikuwa hivi: katika kila 100 waliopewa dawa iitwayo ZMapp walikufa 50, na remdesivir 53, lakini mAb114 walikufa 35, na REGN-EB3 walikufa 34. Na kwa wale waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, dawa hizi mbili ziliacha kufa watu 10 au 11 tu katika 100. Hesabu hii ya mwisho ndiyo inayopasa kusemwa misikitini kuliko zote, kwa maana yamwonyesha mtu kwamba kumficha mgonjwa uvunguni, kwa kumwonea huruma, ni kumnyima siku zile ambazo tiba ingemfaa.

Watu huuliza: hao waliopelekwa vituoni, walikuwa wakifungiwa wasionwe na jamaa zao? Mwanzo ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo uvumi wa kuuzwa viungo ulivyopata chakula. Baadaye huko Beni vikaletwa vyumba vya plastiki ang'avu, ambavyo daktari huingiza mikono kutoka nje, na mama huweza kukaa upande wa pili akamwona mwanawe na kusema naye. Na waliopona, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga, waliajiriwa kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa kitandani. Hakuna tangazo la redio lililoweza kuwatuliza watu kama kumwona jirani aliyetoka kituoni mzima, amembeba mtoto wa mwingine.

Habari ya chanjo itasemwa kwa ufupi. Ilikuwa imejaribiwa Guinea katika mwaka wa 2015, kwa njia ya kuwachanja wote waliomkaribia mgonjwa na wale waliowakaribia hao, kama ukuta unaozunguka moto. Ilipotumiwa Beni mwaka wa 2018 ilikuwa haijapata idhini kamili ya kuuzwa, kwa hiyo kila aliyechanjwa alitia sahihi kwanza. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Wajawazito walizuiwa kwanza, wakaruhusiwa katikati ya mwaka wa 2019, na kuchelewa huko kulikuwa na gharama yake.

Kuhusu idhini yenyewe, wengine hudhani kwamba ni mambo ya makaratasi ya Wazungu. Katika mwaka wa 319 wa Hijra, yaani mwaka wa 931, khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipata habari kwamba mtu amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru kwamba asiwepo wa kutibu mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit, tabibu wake mkuu. Na waliotahiniwa Baghdad peke yake walizidi 860. Kabla ya hapo Mtume alikwisha kusema kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kuwa na elimu hiyo, hulipa dhamana ya anachokiharibu. Basi kupima dawa na mwenye kuitoa kuna asili ndani ya nyumba, hakukuagizwa kwa meli.

Na wenye idhini nao hugombana. Katika Julai 2019 waziri wa afya wa Kongo, Oly Ilunga, alikuwa akipinga kuletwa kwa chanjo ya pili, iliyohitaji sindano mbili kwa kupishana siku 56, akiona kwamba itawavuruga watu. Rais Félix Tshisekedi akauweka uongozi wa kazi yote mikononi mwa Muyembe, na waziri akajiuzulu tarehe 22 Julai. Chanjo hiyo ikaanza kutolewa Goma mwezi wa Novemba. Raia aliyesikia wakuu wawili wakisema maneno mawili alistahili maelezo zaidi kuliko aliyopewa. Chanjo ya kwanza ilikubaliwa Ulaya mwezi wa Novemba 2019 na Marekani mwezi wa Desemba. Na katika Februari 2020 ilitangazwa kwamba nchi nne za Afrika zimeipa idhini, nazo ni Kongo, Ghana, Zambia na Burundi. Dawa mbili zilizoshinda zilipata idhini ya Marekani mwishoni mwa mwaka wa 2020. Shirika la Afya la Ulimwengu lilipozipendekeza, mwezi wa Agosti 2022, lilikiri lenyewe kwamba katika nchi maskini ni shida kuzipata. Mojawapo ilitoka katika damu ya mtu wa Kikwit.

Jambo la tahadhari ni kwamba Ebola si moja. Tarehe 20 Septemba 2022 serikali ya Uganda ilitangaza maradhi huko Mubende, na watu wakasema: si kuna chanjo? Ilikuwa ni aina nyingine, iitwayo ya Sudan, ambayo chanjo ile na dawa zile hazikutengenezwa kwa ajili yake. Walithibitishwa wagonjwa 142, wakafa 55 miongoni mwao, na pigo likamalizwa tarehe 11 Januari 2023 kwa kazi ya zamani tu, yaani kutafuta waliogusana na wagonjwa, kuwatenga, na kuzika kwa hadhari. Kwa hiyo mwenye kusikia tangazo lazima asikilize ni aina gani, mahali gani na tarehe gani, wala asilichanganye na la mwaka jana.

Liko la kufanywa na Jumuiya kabla maradhi hayajabisha hodi. Waoshaji maiti wanajulikana kwa majina katika kila mtaa. Wakichaguliwa wanaume wanne na wanawake wanne, orodha yao ikapelekwa kwa daktari wa mkoa wakati huu wa salama, wakafundishwa kuvaa na, lililo gumu zaidi, kuvua mavazi ya kujikinga, basi siku ya msiba hapatakuwa na mgeni wa kufanya tayamamu wala mwanamume wa kumbeba binti wa mtu. Sanda na mchanga safi viwekwe pamoja na mavazi hayo katika sanduku moja msikitini. Imamu naye apewe namba ya simu ya daktari, na daktari apewe ya imamu, ili tangazo likitoka lisomwe mimbarini siku ile ile, na swali la waumini lirudishwe ofisini siku ile ile.